Nilimjibu vibaya mtoto wa Shule ya Jumapili kuhusu hukumu. Nianzie wapi kurekebisha?

mama_karai (Tanga)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na ndugu zangu Waislamu mliomo humu, asalaam alaykum.

Naandika usiku, watoto wamelala. Nimeshaanza kuandika mara mbili nikafuta. Leo naomba mnivumilie, ni ndefu.

Mimi ni Mlutheri, nasali usharika mmoja hapa Tanga mjini, na huu ni mwaka wa kumi na moja nafundisha Shule ya Jumapili. Kazi inayoniweka mjini ni kukaanga samaki. Nina meza yangu Ngamiani, samaki nafuata Deep Sea alfajiri. Darasa langu ni la watoto wa miaka saba hadi kumi. Tunakaa nje chini ya mwarobaini kwa sababu ndani wakubwa wako kwenye ibada, na kila kitu kinatufikia kwa spika: kwaya, matangazo, mpaka mnada wa sadaka. Mnada ukianza watoto wote wananigeuzia visogo wajue jogoo wa leo kaleta nani.

Jumapili ya mwisho ya mwaka wa kanisa, ile ya kabla ya Majilio, somo lilikuwa Mathayo 25: Mwana wa Adamu kwenye kiti cha utukufu wake, mataifa yote mbele yake, kondoo mkono wa kuume, mbuzi mkono wa kushoto. Mhubiri alikuwa mgeni. Alihubiri kwa nguvu, na kila baada ya maneno mawili matatu anauliza, "Upande wako ni upi?" Watu wanaitikia. Chini ya mwarobaini tunasikia: upande wako ni upi, upande wako ni upi. Nikaona vyema watoto nao wafuate somo hilo hilo. Nikachora mstari katikati ya ubao, huku kondoo, huku mbuzi. Kondoo wa kwetu hana manyoya mengi, ukimwona mbali ni mbuzi, basi nikawaonyesha: mbuzi mkia umesimama, kondoo mkia umelala. Wakafurahi. Halafu nikawaambia wainue mikono, kwa sababu wadogo bado wanachanganya kulia na kushoto. "Wa kulia ni upi? Ule wa kulia chakula." Ndivyo nilivyofundishwa mimi, na ndivyo ninavyowafundisha.

Mtoto mmoja, miaka tisa, akabaki ameinua mkono wenzake wote wameshashusha. Akasema, "Mwalimu, baba alikuwa anakulia wa kushoto. Yeye ni mbuzi?"

Sasa inabidi niwaeleze huyo baba. Alikuwa mvuvi. Watu wa Tanga mnaikumbuka ile miaka ya kuvua kwa kulipua baruti, tulikuwa tunaisikia mjini mchana kweupe, unashtuka na kijiko mkononi. Naye alikuwa anapiga. Siku moja ililipuka kabla hajaitupa, ikaondoka na mkono wa kulia kuanzia kwenye kifundo. Ufukweni wakamwita Kigutu, na aliitika. Baruti akaacha, akawa anavua kwa mshipi, mkono mmoja na meno. Kanisani hakuwa mtu wa kuja. Waliokuja ni mke wake na huyu mtoto. Mwaka huu mwezi wa saba, kusi imechachamaa, ngalawa ilipinduka. Wenzake wawili waliokolewa, yeye aliletwa na maji siku ya tatu. Msibani nilikuwepo, nilikaa jikoni siku zote nne, na pale pale jikoni nilisikia watu wanasema chini kwa chini, "Bahari imechukua deni lake." Sikuwajibu.

Nitaandika nilichomwambia mtoto, maneno yenyewe, nisijipunguzie. Nilisema: "Mungu ndiye ajuaye. Lakini Biblia inasema kila mtu atavuna alichopanda. Kwa hiyo wewe omba usije ukawa kama waliochelewa." Nikageukia ubao.

Hakulia. Kila mtoto alikuwa na karatasi ya kupaka rangi, yeye alikuwa amempaka kondoo mmoja bluu. Akarudisha zile kalamu za rangi ndani ya boksi, moja moja, akapanga, akafunga kifuniko. Jumapili ya tatu hii hajaja. Mama yake anakuja ibada ya kwanza peke yake na anatoka kabla ya mnada.

Niende kwao? Nikifika niseme nini ambacho ni kweli? Sitaki kumdanganya mtoto, siwezi kumwambia baba yako yuko mbinguni kana kwamba nimemwona. Wala sitaki kuacha kufundisha hukumu, kwa sababu kila Jumapili tunasimama tukiungama Imani, na hukumu ya walio hai na waliokufa imo. Ila kwa mtoto wa miaka tisa aliyezika baba mwezi wa saba, inafundishwaje?

mlinzi_zamu (Mkinga)

Ameni mwalimu. Mimi ni mzee wa kanisa na nimo kwenye BMU ya kijiji chetu, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi, kwa hiyo habari ya baruti sikuisoma gazetini. Nitasema nikijua wengi hawatapenda.

Ulichomwambia si uongo. Wagalatia 6 ipo. Waebrania 9 ipo, kufa mara moja na baada ya kufa hukumu. Ezekieli 33 ipo: mlinzi akiona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya watu itatakwa mkononi mwake. Siku hizi makanisa mengi hukumu imehamishwa, unahubiriwa gari na nyumba Januari mpaka Desemba. Huyo mhubiri wenu mgeni angalau aliifungua Mathayo 25 akaisoma.

Nimezamia mwenyewe kwenye mwamba uliopigwa. Mwamba mzima ni kama kichaka, kila tawi lina mwenyewe. Uliopigwa ni kokoto. Wale samaki wadogo ambao hata kitoweo hawafai wamelala chini kama majani yaliyopukutika, na huko chini kimya, hakuna hata ile sauti ya samaki wanaotafuna matumbawe. Sheria ya Uvuvi ya 2003 ilikataza, 2009 ikaja Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa hapa Tanga, na bado watu walipiga kwa miaka. Kazi ya Mungu iliyokua pole pole kuliko mtu, inaisha kabla hujafumba jicho. Kama hilo halina hukumu, sijui lipi lina hukumu.

Lakini kosa lako lipo, na nitakuambia lilipo. Mtoto alikuuliza habari ya baba yake, wewe ukampa onyo la kwake yeye. Tarumbeta inapigwa kwa mtu ambaye upanga unamjia na bado ana miguu ya kukimbia. Huyu mtoto hana baruti mkononi. Ulimpigia tarumbeta mfiwa.

Na jambo jingine, nilisema hata kwenye kikao cha kijiji wakaninunia: wale samaki waliliwa na nani? Kila aliyepiga alikuwa na mnunuzi anamsubiri ufukweni na ndoo. Tusiwahesabu wavuvi peke yao.

katekista_mstaafu (Bagamoyo)

Tumsifu Yesu Kristo. Binti yangu, pole. Nimefundisha ukatekista miaka mingi na majibu kama hayo yako nimeyatoa, tena zaidi ya moja.

Rudi kwenye Mathayo 25 uisome pole pole. Mhubiri wenu aliuliza "upande wako ni upi" na watu wakaitikia. Katika somo lenyewe hakuna aliyejua upande wake. Wa kuume wanashangaa, "Bwana, lini tulikuona una njaa?" Wa kushoto nao wanashangaa vile vile. Pande zote mbili zinaambiwa jambo ambalo hazikulitazamia. Na angalia Hakimu anachouliza: chakula, maji, mgeni kukaribishwa, nguo, mgonjwa, mfungwa. Hapo hajauliza nani alikuja ibada ya kwanza na nani ibada ya pili. Kwa hiyo ukienda kwao, usianze na habari ya baruti. Mwulize mama, kwa upole, huyo marehemu alimlisha nani.

Sisi Wakatoliki tunafundisha kwamba kila mtu anahukumiwa saa ya kufa kwake, na ipo hukumu ya mwisho ya wote pamoja. Tunafundisha na toharani, mahali pa kutakaswa kabla ya kuingia mbinguni, ndiyo maana tarehe 2 Novemba na mwezi wote ule tunawaombea marehemu. Najua ninyi Walutheri hapo hatuendi pamoja, sikuletei ugomvi. Nataka tu ujue hili: Kanisa letu limetangaza watakatifu wengi kwa majina yao. Halijawahi kutangaza jina la mtu hata mmoja kwamba huyu yuko motoni. Mlango huo limemwachia Mwenyewe.

Jambo la pili linatoka hapa kwetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Walikuwa wakiwakomboa watumwa, wengi wao watoto, na wakawajengea kijiji cha uhuru. Nilipokuwa na darasa la watoto nilikuwa nawapeleka kwa miguu kwenye ule msalaba wa ufukweni, tunakaa mchangani, halafu nawauliza: fikirini mtoto wa umri wenu, ameletwa na msafara kutoka bara, shingo ina alama ya mti, anaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba yupo Hakimu wa dunia yote, na siku moja atawaita waliomuuza na kuwauliza. Mnadhani aliogopa? Hakuna mtoto aliyewahi kuniambia aliogopa. Mmoja aliniambia, "Angesema, lini?"

Soma Zaburi 96 mwisho wake. Bahari inavuma, mashamba yanashangilia, miti ya msituni inaimba, na sababu iliyotolewa ni kwamba Bwana anakuja kuihukumu nchi. Bahari inafurahi kuhukumiwa! Sisi tumewafundisha watoto hukumu kama fimbo iliyo nyuma ya mlango, wakati yule aliyeonewa ameisubiri kama mgonjwa anavyosubiri kukuche. Hata hayo matumbawe ya ndugu yangu wa Mkinga yanaisubiri.

mama_karai (Tanga)

Asante baba katekista. Zaburi 96 nimeisoma nikairudia.

Mzee mlinzi_zamu, lile swali lako la wanunuzi nililisoma mchana nikiwa napara samaki, nikaweka kisu chini. Nitalijibu hapa, kwa sababu sijawahi kulijibu popote.

Samaki wa baruti anajulikana. Kwa nje ni mzima, jicho zuri. Ukimpasua, damu imevilia kando ya uti wa mgongo, mfupa umekatika ndani, tumbo limevurugika bila kuguswa, na nyama haishiki. Ukimtia kwenye mafuta anamong'onyoka, unabaki na kichwa na makombo. Ili ashike unamgeuza kwenye unga wa ngano kwanza, mafuta yawe ya moto sana, na usimguse mpaka upande mmoja ukauke. Nilijifunza kufanya hivyo na nilifanya vizuri. Miaka minne, labda mitano, nilinunua kwa sababu walikuwa rahisi na mimi nilikuwa nasomesha. Na nilitoa fungu la kumi la faida ile. Bahasha yangu ina namba, imo kwenye daftari la usharika, mwezi kwa mwezi.

Kama nilinunua kwake siwezi kuapa. Namkumbuka kijana mmoja mwenye mikono miwili, mcheshi, alikuwa akinijazia ndoo ya vibua halafu anaongeza kimoja juu, anasema hicho ni cha mtoto. Nikiuweka uso wake pembeni ya ule uso niliouona msibani, nadhani ni yeye.

Siku ile nilipochora mstari ubaoni nilikuwa nimesimama upande wa kondoo. Sikuchagua, ndipo miguu ilipokuwa.

jirani_wa_makorora (Tanga)

Waalaykum salaam mama. Mimi ni Muislamu, nimepita tu nikasoma, na sitaingia kwenye mambo ya dini yenu.

Ni lile la mkono. Sisi chuoni, yaani madrasa, tunafundishwa kwamba siku ya kiyama mtu anapewa kitabu cha matendo yake, mwenye heri mkono wa kulia, mwenye shari wa kushoto. Mdogo wangu ni wa shoto tangu kuzaliwa. Siku aliyosikia hilo alilala mkono wa kushoto ameukalia, asubuhi umekufa ganzi, mama akadhani ana ugonjwa. Mwalimu wetu wa chuo, Mungu amrehemu, alipoambiwa alikuja nyumbani mwenyewe jioni ile, mzee wa miaka sabini na fimbo yake. Akamwita, akaushika ule mkono wa kushoto akaukanda mpaka damu ikarudi. Alimwambia kwamba mkono huu Mungu ndiye aliyeupa nguvu na hakuutia nguvu bure. Mdogo wangu leo ni fundi seremala, na msumeno anaushika kwa mkono huo huo.

Kwa hiyo nenda. Mwalimu ndiye anayekwenda, mtoto haendi.

mwinjilisti_wa_mto (Pangani)

Bwana Yesu asifiwe mwalimu mwenzangu. Nakupongeza kwa kuandika ile ya pili, haikuwa rahisi. Petro anasema wakati umefika hukumu ianze katika nyumba ya Mungu, na sisi kwa kawaida tunapenda ianzie ufukweni.

Nitakupa mambo ya Kilutheri kwa kuwa ndiyo tuliyokabidhiwa. Luka 13: watu wanamletea Yesu habari ya waliouawa, naye anawakumbusha wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Anawauliza, mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Anajibu mwenyewe, sivyo. Kisha anawageuzia wao: tubuni ninyi. Hayo maneno ya jikoni, "bahari imechukua deni lake", jibu lake limo humo. Kusi haisomi matendo ya mtu. Wale wawili waliookolewa hawakuokolewa kwa sababu walikuwa safi kuliko mwenzao.

Yohana 5:24: anayesikia neno na kumwamini aliyemtuma Yesu haingii hukumuni, amekwisha kupita. Na mistari miwili kabla ya hapo, Baba amempa Mwana hukumu yote. Mimi watoto naanzia hapo. Kabla ya kondoo na mbuzi, nani anakaa kwenye kile kiti? Ni yule aliyemwonyesha Tomaso mikono. Mtoto wako ameuliza habari ya mikono. Basi mwambie habari ya mikono.

Kuna mstari utakaokujia kichwani, Marko 9, ule wa mkono ukikukosesha uukate, afadhali kuingia katika uzima u kigutu. Na jina lile la ufukweni! Nakuomba usimpe mtoto. Utakuwa unamwambia Mungu ndiye aliyemkata baba yake ili amwokoe, na wewe hujui hivyo. Ule mstari ubaki kwako wa kuomba nao usiku.

Sasa swali la utaratibu. Hao watoto wanatoka kanisani saa ngapi? Ibada yetu inaanza na maungamo ya dhambi, kisha tangazo la msamaha, ndipo masomo, ndipo hubiri. Mtu mzima anapofika kwenye "upande wako ni upi" ameshasikia dhambi zake zimesamehewa, robo saa iliyopita, kwa sauti. Watoto wako kama wanakwenda moja kwa moja chini ya mwarobaini na vikalio vyao, basi hubiri linawafikia kwa spika bila ule msamaha. Wanasikia nusu ya ibada, tena nusu nzito. Ongea na mchungaji wako, waingie kwanza wakae mpaka tangazo la msamaha, ndipo watoke. Hapa kwetu tumefanya hivyo, wazee wawili walilalamika kelele, basi.

kijana_pongwe

Mimi nilikuwa mtoto kama huyo. Si baba, ni mjomba aliyejinyonga, na mwalimu wetu akasema wanaojinyonga wote moja kwa moja motoni. Nilikuwa darasa la tatu. Mvua ya vuli ikipiga radi nilikuwa najua ni mjomba. Sasa nina miaka thelathini na moja, niko Dar, na kanisani nimeingia kwa harusi na misiba tu. Mwalimu yule angekuja nyumbani hata mara moja, hata akose cha kusema, nadhani ningekuwa mtu mwingine Jumapili. Usisubiri Krismasi ipite.

shangazi_wa_muheza

Mwanangu mama_karai, hawa wanaume wamekupa Biblia yote, sasa nikupe ya kwenda nayo mlangoni. Mimi ni mjane mwaka wa kumi na tisa, nimepokea wageni wa kanisa wa kila namna.

Usiende na wazee wa kanisa. Mjane akiona watu wanne na Biblia wanakuja anadhani kuna mchango au kuna kesi. Nenda peke yako, siku ya kazi, saa kumi jioni, saa ambayo mwanamke yuko jikoni na mikono ina kazi, mtu huongea vizuri mikono ikiwa na kazi. Chukua sukari na unga. Samaki usipeleke, sio nyumba ile, sio safari hii. Ongea na mama kwanza, mtoto asiitwe, atasogea mwenyewe. Na chakula kikitengwa, ule. Usiseme umeshiba.

Pia usilie mbele ya mtoto. Ukilia atakubembeleza wewe, na kazi ulioendea itakuwa imekushinda.

mama_karai (Tanga)

Shikamoo shangazi. Nimekwenda. Jumatano, saa kumi.

Nilimkuta mama anachambua mchicha, na mtoto amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Aliponiona aliamkia, akaendelea kukuna. Nikakaa na mama yake, nikasogeza ungo, tukachambua wote. Nilimwambia la vibua kwanza, kabla sijaogopa. Nilimwambia nadhani nilikuwa nanunua kwa mume wako enzi zile, nikijua ni samaki wa nini. Alinyamaza kidogo, halafu akanionyesha juu kwa kidevu. Akasema, "Bati hili ni hela yako basi."

Baba katekista, nilimwuliza lile uliloniambia, alikuwa anamlisha nani. Hakufikiri hata kidogo. Nyumba ya tatu kuna bibi haoni. Samaki wa kwanza wa kila siku alikuwa wake, ameshaparwa, kwa sababu bibi akipara atajichoma. Kupara kwa mkono mmoja, alikuwa anamkanyaga mkia kwa kidole gumba cha mguu. Hata siku aliyorudi na watatu tu, wa kwanza alikwenda kule. Bibi mpaka leo jioni ikifika anauliza wa mkono mmoja mbona kimya, wanamwambia, kesho anauliza tena.

Chakula kikatengwa. Wali, mchicha wa nazi. Tumenawa, na mtoto akapeleka mkono wa kushoto kwenye sahani. Mama yake akaniambia, "Mwone, mwalimu. Tangu ile Jumapili. Nimemsema, bibi yake amemfinya, shuleni wamemcheka. Haachi." Alikuwa anakula kwa shida, wali unamponyoka, bado mkono haujazoea.

Shangazi, sikulia. Nilikula mpaka nikamaliza.

Baadaye alinisindikiza hadi njiani. Nilimwambia, siku ile uliuliza swali zuri nikakujibu vibaya, naomba unisamehe. Nilimwambia mimi sijui baba yako atasimama upande gani, na wa kwangu pia siusemei. Ninayemjua ni atakayekaa kwenye kiti, na huyo ana makovu, mikono yote miwili.

Akauliza, "Ya nini?"

"Ya misumari."

Akawaza. "Ya baba ilikuwa baruti."

"Ndiyo."

"Na yeye wanamsaidia kula?"

Nikamwambia baada ya kufufuka alikula mwenyewe, samaki wa kuokwa, wanafunzi wake wanamtazama. Wakati mwingine aliwaokea yeye, ufukweni, asubuhi wametoka kuvua. Hilo alikuwa hajalisikia. Akataka kujua ni samaki gani. Nikasema Biblia haikutaja. Akasema labda changu, changu ndiye mzuri wa kuoka.

Mwinjilisti, mchungaji amekubali. Jumapili watoto waliingia kwanza, wakakaa benchi mbili za mbele na vikalio vyao mapajani, wakasikia maungamo na tangazo la msamaha, ndipo tukatoka. Kelele zilikuwepo. Chini ya mwarobaini tulisoma Zaburi 96, wakavuma kama bahari mpaka mzee wa kanisa akatoka kuangalia.

Yeye alichelewa. Alifika tumeshafika kwenye sadaka, shati la shule, miguu ina vumbi, inaonekana alikuja mwenyewe. Alipita mbele ya wenzake wote hadi kwenye kikapu nilichoshika, akatoa shilingi mia. Kwa mkono wa kushoto. Watoto wawili wakaguna, pwani hii mtu hatoi kitu kwa kushoto.

Nikaipokea.